Mkono wa Baba Kando ya Fuwele

Harufu ya vanishi hunikera. Wiki jana fundi alikuja kupaka milango ya nyumba yangu, na kabla hajamaliza mlango wa kwanza nilikuwa nimetoka uani, nimeziba pua. Kila mtu ana harufu yake ya utotoni, na wengine mlibahatika kupewa ya mandazi. Mimi nilipewa vanishi, na ndani ya vanishi hiyo kuna jiwe la buluu, na mtu mmoja ambaye mpaka leo namtakia mabaya bila kuona haya.

Baba alikuwa seremala wa kando ya barabara pale Kinoo. Alitengeneza makochi akayapanga nje, karibu kabisa na lami, yakala vumbi na moshi mpaka mteja asimamishe gari. Mteja mwenyewe alishuka tayari amenuna. Alilipiga kochi teke, akasema limepinda, akataja nusu ya bei, akaondoka. Baba aliwashukuru hata hao. Katika utoto wangu wote sikuwahi kumsikia mtu akimwambia kwamba amefanya kazi nzuri.

Mimi nami nilikuwa na wazimu wangu. Nilikuwa darasa la nane, miaka ile ya elfu mbili mtandao ukiwa bado kitu cha kufuata saiba, kwenye kompyuta za kukodi, na katika saiba ya karibu na steji ya matatu niligundua jukwaa la watu wanaofanya kemia nyumbani kwao. Wengi walikuwa wanaume watu wazima wa ng'ambo, na maabara zao zilikuwa gereji na jikoni. Hakuna aliyetumia jina lake halisi. Mimi nilijiita Kunguru, na jina hilo sikumwambia mtu nyumbani. Nilisoma kimya kwa muda mrefu, kisha nikaanza kukuza fuwele ya mrututu, zile chembe za buluu ambazo wafugaji hununua kwenye duka la dawa za mifugo kuoshea kwato za ng'ombe. Unauyeyusha kwenye maji ya moto, unaning'iniza punje moja kwa uzi, halafu unasubiri. Mama alinipa chupa tupu ya jemu pamoja na onyo kwamba nikigusa vijiko vyake nitakiona cha mtema kuni.

Fuwele ilikua taratibu chini ya benchi ya baba, mahali pasipo na mtikisiko, mpaka ikawa kubwa kuliko kidole chake gumba. Pande zake zilinyooka, kona zake zilikuwa kali, na ubuluu wake ulikufanya umeze mate. Mrututu ukiachwa wazi hupauka ukawa mweupe kama chokaa, kwa hiyo baba aliipaka vanishi yake nzuri, ile ya wateja wa maana. Alipuliza kila upande mpaka ukauka, huku amekunja uso kama daktari.

Nikaipiga picha kwa simu ya binamu yangu, nikaiweka jukwaani. Picha ilitoka na ukungu, nao wakanirukia. Mmoja alisema ni plastiki. Mwingine alisema nimeiba picha ya mtu. Wa tatu, alipojua natoka Nairobi, aliuliza kama ujumbe wangu unaofuata utakuwa wa kuomba namba ya akaunti yake ya benki, basi wakacheka kurasa mbili nzima. Jukwaa lilikuwa na desturi yake: asiyeaminika hupiga picha safi, kazi yake ikiwa mezani, na kando yake mkono mtupu umeshika karatasi yenye jina analotumia. Jina huonyesha mwenye kazi, mkono huonyesha ukubwa. Sikuwa na kamera. Niliapa kwamba wataniamini au nife, na katika umri ule nilimaanisha.

Ndipo Zebaki aliponiandikia faraghani. Alikuwa Mkenya mwingine pekee pale, mkazi wa Kilimani, na wale wa ng'ambo walimsikiliza. Alisema ana kamera nzuri. Tukutane mjini, aipige picha mwenyewe, kisha aiweke jukwaani kwa niaba yangu. Nyumbani nilisema tu nimepata Mkenya mwenye kamera, na baba alikataa katakata niende peke yangu. Alivaa koti lake la kanisani, akabeba fuwele ndani ya kisanduku alichokitandika vipande vya kitambaa cha makochi.

"Mcheza kwao hutunzwa," aliniambia njiani. "Afadhali, Mueni, umepata mtu wa nyumbani."

Tulimkuta kwenye hoteli ya chai katikati ya jiji, kijana wa ofisi, shati limepigwa pasi. Alimsalimu baba kwa mikono miwili.

"Karibu mzee. Na huyu ndio scientist wetu?"

"Ndio yeye," baba akasema. "Ananimalizia vanishi tu."

"Mzee, hii kitu ni moto! Hata majuu hawana kama hii." Kisha akanigeukia. "Hebu itisha serviette pale kaunta, kuna vumbi kidogo."

Niliporudi kamera ilikuwa imesharudi mfukoni. Akasema wamemaliza, mzee amemshikia karatasi. Nikaomba kuona, akasema betri imekwisha. Halafu akaomba aende na fuwele, akaipime uzito kwenye mizani ya kazini kwao, ataileta. Kabla sijafungua mdomo baba alikuwa amempa kisanduku chote, na kunikanya kwa macho nisimwaibishe.

Siku chache baadaye baba alifunga kazi mapema tukaenda saiba pamoja. Akaunti yangu ilikataa kufunguka. Nilikuwa nimefukuzwa, lakini kurasa zilisomeka na yeyote. Nikaiona fuwele yangu, kila kona imetoka, na kando yake kidole gumba cha baba chenye ukucha mweusi wa kupigwa na nyundo. Karatasi aliyoishika iliandikwa Zebaki. Chini yake yule bwana alieleza kwamba kazi ni yake, kwamba Kunguru ni mtoto aliyeipiga picha kwa siri, na kwamba amemsamehe. Wenzake walimsifu kwa moyo wake mkubwa.

Baba aliinama mpaka kofia ikagusa kioo.

"Si huu ni mkono wangu? Eh! Mueni, si huu ni mkono wangu?"

"Ni wako, baba."

"Na nilimuuliza kama hiyo ndio jina yako ya huku, akasema ndio hiyo. Zebaki! Jina tamu. Haya, wazungu wanasemaje?"

Kiingereza cha baba kilikuwa cha kuuzia kochi tu. Nikamsomea. Nilimsomea kwamba hawajaona fuwele nzuri kama ile, kwamba mkono ule ni wa fundi, kwamba mtu mwenye mkono kama ule hawezi kuwa mwongo. Mengine niliyaruka. Baba alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia, akawaita watu wa kompyuta za jirani waje waone, kisha akaomba picha ichapishwe kwa rangi.

Aliitilia fremu ya mvule akaitundika kwenye karakana, juu ya misumeno. Mteja akianza kulipiga kochi teke, baba alimwonyesha ukuta na kumwambia kwamba mkono huu unajulikana ng'ambo. Kisanduku hakikurudi, na simu ya yule bwana haikupatikana tena. Baba alisema mtu wa maana huwa na shughuli nyingi.

Kwa miaka mingi nilidhani Zebaki alihitaji mkono wenye sugu, basi. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba ubaya wake ulikwenda mbali zaidi. Alikuwa na mikono yake miwili, na wahudumu walijaa pale hotelini. Alimtazama mzee mwenye koti la kanisani, akaona anavyokunywa sifa kama mtu mwenye kiu, akajua kwamba nikitaka kusema kweli itanibidi nimvunje baba kwanza. Sikuwa na ubavu huo. Sina mpaka leo.

Sasa baba amezeeka, macho yamemwishia, na jina la Mueni amelisahau kabisa. Nikisukuma lango la nyumbani Kinoo, akisikia hatua zangu tu, hupaza sauti kwa furaha, "Zebaki wangu amekuja!"

Nami huitika.