Nilienda hiking ya kuonja pombe Makueni na Kitui, nikarudi nimeoa mke wangu wa miaka ishirini na tatu

Wakuu, salamu kutoka Malili.

Hii si stori ya kuambiwa na mtu. Nilikuwa hapo na miguu yangu, na mama watoto alikuwa hapo. Nikiongeza chumvi atanirekebisha hapa hapa kwa comments, maana anasoma kila kitu naandika.

Kwanza mnijue. Mimi hakuna kitu inaweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la sita. Nimebeba mawe, nimechimba mitaro, nimesukuma mkokoteni. Leo niko na hardware mbili na lori ya kuuza maji, na watu wa digrii wakiingia kwa duka wananiita boss. Sijashikwa mkono na mtu.

Sasa daktari akaniambia tumbo imekuwa kubwa, nitembee.

Mama watoto, Mama Mwende, akaniambia kuna kikundi cha hiking kinaongozwa na nurse mmoja anaitwa Syombua. Mnapanda kilima asubuhi, mkishuka mnaenda kwa mtu anatengeneza pombe yake mwenyewe, kidogo kidogo, ako na leseni. Wanaita craft.

Nikamuuliza, "Watu wazima wanalipa ndio wachoke?"

Akasema, "Wewe si unalipa ndio ukae?"

Nikalipia sisi wawili.

Kabla niendelee kuna kitu mnafaa kujua. Msichana wetu wa kwanza, Mwende, amepata kijana, na watu wa huyo kijana wamesema watakuja kwangu na mbuzi tukishavuna ndengu. Mimi nilikuwa nimejipanga. Tenti nimeagiza, suti ya kupokea wageni nimeshonesha. Hiyo siku nilikuwa naingoja kuliko siku nilifungua duka ya kwanza.

Sawa. Jumamosi tukapanda Nzaui, huko Makueni. Ukiwa chini unaona kama mtu alikata mlima na kisu upande mmoja. Tulikuwa watu kumi, wengi wa Nairobi, wale wa chupa ya maji iko na mrija. Niliwapita wote isipokuwa Syombua. Nilisimama mara nne, na kila mara nilitoa simu nikapiga picha. Hakuna mtu alijua natafuta pumzi. Hiyo ni akili, hawafundishi shule.

Kule juu, wakuu, unaona Makueni yote imelala chini yako. Nikasema kwa sauti, "Hii yote nimeuzia simiti."

Mchana tukaenda kwa mama mmoja kijana, Ndinda, anatengeneza pombe ya maembe nyuma ya shamba ya baba yake. Mitungi ya chuma inang'aa, mahali ni safi kuliko hospitali. Inakwaruza ulimi kidogo halafu embe inakuja nyuma. Nikamshauri aongeze sukari.

Akaniambia, "Boss, wewe uza simiti."

Nilimpenda huyo mama. Nikanunua chupa tatu.

Jioni gari ya kikundi ikatupeleka Mwingi tukalala, na Jumapili alfajiri tukawa chini ya Mumoni, kaskazini ya Kitui. Huko ni msitu wa ukweli, baridi, ndege wanapiga kelele. Tukapanda mpaka juu, na hapo chini upande wa pili ndio nyumbani kwa kina mama Mwende. Akaninyooshea kidole kutoka juu, "Ile mabati nyekundu ni kwa baba." Nikasema naona. Miaka nilikuwa sijafika huko sikutaka kuhesabu.

Tukashuka mpaka kwa Mzee Musyimi, karibu na Kyuso. Huyu mzee anatengeneza uki, ile pombe yetu ya asali. Mbele ako na banda ya wageni, unauziwa kwa glasi. Nyuma kuna nyumba ya udongo, ndani kuna vibuyu vimepangwa karibu na moto, na asali imewekwa na yale matunda makavu ya muatine mpaka ichachuke. Harufu peke yake inakurudisha utoto.

Wale wa Nairobi wakakaa na glasi zao. Mimi nikasema hiyo ni ya watoto wa mjini, mimi ni Mkamba, nipewe ya kibuyu.

Mzee akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu.

"Ya kibuyu si ya kuuzwa. Ni ya wanaume wamepeleka mbuzi za ntheo. Wewe ulipeleka kwa nani?"

Kwa wale hawajui, ntheo ni mbuzi tatu. Unaweza kulipa mahari yote ya dunia, ng'ombe na pesa na tanki ya maji, lakini bila hizo mbuzi tatu bado hujaoa. Uko na rafiki wa kike tu.

Nikataja jina la baba mkwe kwa kifua.

Mzee Musyimi akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyo tunakula na yeye kila Jumatano. Ndio wewe yule wa Malili? Mbuzi zako hatujaona."

Nikasema nilituma pesa nyingi, nilinunua tanki, nilijenga choo.

"Choo tunaitumia," mzee akasema. "Asante."

Nikaangalia mama Mwende anitetee. Yeye anaimba kwaya, alikuwa na soda yake. Akasema pole pole, "Mzee, usimlaumu. Alisema anangoja mvua. Ni miaka ishirini na tatu anangoja."

Wakacheka. Lakini yeye hakucheka. Akanigeukia.

"Baba Mwende, watu wa kijana wa Mwende wakileta mbuzi, unafikiria zitaenda kwako? Kama hujanioa, mtoto ni wa baba yangu. Watapita kwako na tenti yako, waje huku."

Wakuu, hapo ndio niliona. Mtoto nimelipia shule kutoka nursery mpaka chuo, nikae kwa tenti yangu nikipungia mbuzi mkono zikipita.

Na si hiyo tu. Niliona uso wa mama Mwende. Hiyo maneno hakuitunga siku hiyo.

Nikasimama. Nikauliza mbuzi zinauzwa wapi.

Karibu na soko ya Kyuso kuna mfanyabiashara wa mifugo anaitwa Abdi, watu wake walitoka kaskazini mashariki. Nikamwambia nataka tatu, na sitaki zimekonda. Nikachagua madume tatu yamehasiwa, yamenona kama ndama. Abdi akajaribu kusema, "Mzee, kama ni za mambo ya nyumba..." Nikamkata. Nikamwambia mimi nanunua vitu tangu hajazaliwa.

Akasema, "Sawa, boss. Pombe yenu sijui, lakini mbuzi najua."

Mzee Musyimi akanijazia mtungi wa uki, nikalipa. Nikataka gari ya kikundi itubebe. Mzee akakataa kabisa. Mbuzi za ntheo zinafika na miguu yake, na mwenyewe akiwa mbele. Basi nikashika kamba. Mama Mwende akatembea kando yangu. Syombua na wale wa Nairobi wakafuata nyuma wakibeba mtungi kwa zamu. Walisema hiyo ndio hiking bora walifanya. Saa moja na nusu kwa jua, mchanga wa mto mkavu mpaka kwa soksi, na sikusimama kupiga picha hata mara moja.

Baba mkwe alikuwa nje. Hakusalimia mimi, alisalimia mbuzi. Akazunguka, akainua mkia ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hizi zitazaa nini?"

Sikuelewa.

"Kijana," akasema, na mimi niko na mvi, "ntheo ni mbuzi jike mbili za kuzaa, na dume moja tuchinje. Umeniletea wazee watatu kama mimi."

Wakuu, hiyo kicheko ilifika Kyuso. Mama Mwende alikaa chini. Mimi nilitafuta shimo.

Halafu tukaskia pikipiki. Ni Abdi, na mbuzi jike mbili zimefungwa nyuma. Akashuka akapangusa vumbi. "Nilijua utakataa kuskia, nikaona nikufuate." Akachukua madume mbili kwa bei yake, siwezi bishana, nikalipia tofauti na pikipiki pia.

Dume moja ikachinjwa hapo hapo. Baba mkwe akatia uki kwa kibuyu, akamwaga kidogo chini, akanywa, akafuta mdomo. Kibuyu ikaja kwangu. Akaniita jina langu. Miaka yote hiyo alikuwa ananiita "yule wa Malili."

Sijawahi onja kitu kama hiyo, na nimekunywa mahali mingi.

Nikageuka nikaona mama Mwende na mama yake wameshikana mikono mlangoni, wanacheka na kulia. Hapo nilijua watu wa kijana wa Mwende watasimama kwangu, na mimi ndio nitainua mikia nikihesabu.

Funzo ni hii: mwanaume mwenzangu, kabla ujenge ghorofa, maliza hiyo kitu ndogo unaahirisha. Na ukiuziwa mbuzi na mtu anajua mbuzi, mwache amalize kuongea.

Wale bado wanangoja mvua mseme hapa bila aibu. Na wale walipeleka, mtuambie yenu iliendaje.

Mtu ataniuliza nilitumia ngapi. Hiking ya watu wawili, pombe ya maembe, uki, mbuzi na pikipiki ya Abdi, yote pamoja: shilingi elfu arobaini na nane, mia nne na hamsini.