Kengele ya Baba Chumbani Dengfeng

Harufu ya gundi ya viatu naijua tangu Morogoro, kabla sijajua kuandika jina langu. Nyuma ya kanisa letu alikaa fundi mmoja mwenye kikohozi, nami nilipenda kusimama karibu na kopo lake la gundi hadi kichwa kiniume. Alikuwa na kasuku mwenye matusi, huyo kasuku... lakini tuyaache. Harufu ileile ilinipokea Guangzhou, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mama aliponishika mkono kuingia soko la Zhanxi kununua viatu vya kupeleka nyumbani. Umri wangu ulikuwa wa darasa la tatu, ila kwa vibali vyetu vya biashara shule ya pale haikuwezekana. Nikasomeshwa chumbani mwetu, mtaa wa Dengfeng, na hapo ndipo inapoanzia hasira yangu, ambayo haijapoa hata sasa mvi zinaponiingia.

Baba aliwahi kuwa mwalimu. Kila asubuhi alinivalisha sketi ya bluu na shati jeupe, akagonga kengele, nikasimama paredi peke yangu kati ya kitanda na jiko, naimba wimbo wa taifa huku akinikagua kucha. Nikiuliza hesabu wakati wa sayansi, fimbo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu mkuu, na mapumziko acheze na nani, na sufuria?" Yeye aliamini mtoto ajifunze anachokipenda, sokoni, kwa macho yake. Maneno matamu hayo! Maana yake nilikaa juu ya marobota kutwa nzima bila mtu wa kunitazama. Siku hizi wazazi vijana wanaosomesha nyumbani wananiuliza, ratiba au uhuru? Wananiuliza mimi, ninayesoma kwa kufuata kidole!

Siku moja mama akaniambia, "Chagua mwenyewe, mwanangu, hilo ndilo somo." Nikaelewana kwa vidole na laoban, mwenye duka, akanijazia mfuko wa viatu kwa bei ya kutupa. Mama hakuufungua, eti asiniingilie. Baba ndiye aliyevimwaga kitandani. Vyote vya mguu wa kushoto. Vilikuwa vya maonyesho, vile ambavyo duka hutundika mguu mmoja tu.

"Haya, Mama Neema, katafute wateja wa mguu mmoja!"

"Na wewe uliyemkaririsha mito yote ya Tanzania, hukumfundisha kwamba mtu ana miguu miwili?"

Wakarushiana maneno, kisha wakanigeukia, watu wazima wawili. "Sema wewe, Neema. Unasoma kwa baba au kwa mama?" Mtoto mdogo namna ile! Nikalia, nikasema nataka shule yenye watoto wenzangu. Mama akafunika uso. Baba akabandua ratiba ukutani, akachukua kengele, akatoka. Nilidhani ataigonga nje, nikavaa sketi haraka na kusimama mahali pangu, kati ya kitanda na jiko. Nikaisikia ikilia mfukoni mwake kila alipokanyaga ngazi, ikafika chini, ikapotelea kwenye kelele za Dengfeng. Hakurudi tena.