Mteja Husindikizwa Mpaka Njia Panda

Ukitoka Kasulu mjini kuelekea Makere, ukiiacha lami na kufuata njia ya vumbi, kuna shimo kubwa jekundu ambalo watu walichimba udongo wa matofali mpaka udongo ukawakatalia. Ndani ya shimo hilo kuna kiwanja cha kulenga shabaha. Bunduki zake ni za upepo, zina kibali, na risasi zake ni ndogo kama punje za mtama. Ukuta wa nyuma ni udongo mtupu, mrefu kuliko nyumba, kwa hiyo risasi ikikosa inazama humo na habari yake inaishia hapo. Vya kulengwa ni magunzi ya mahindi yaliyoning'inizwa kwa kamba za katani, vifuniko vya ndoo, na makopo ya rangi kwa wale wanaopenda ushindi wao usikike.

Nitaeleza taratibu namna unavyopokelewa pale, maana mgeni akiingia bila kuelezwa anaweza kudhani amekamatwa.

Mwenye kiwanja alikuwa mkufunzi wa mgambo. Yeye amestaafu, sauti yake haijastaafu. Mimi nilifika mara ya kwanza Jumamosi moja isiyo na kazi, mwalimu wa sekondari niliyepangiwa huku kutoka Lindi, bado mgeni wa baridi na wa Kiha. Nilipochungulia tu ukingoni mwa shimo nikasikia:

"Wewe! Simama hapohapo! Mikono niione!"

Nikaionyesha.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kulenga, Afande."

"Nani kakwambia mimi ni afande?"

"Sauti yako."

Kwa sauti ileile akanguruma, "Karibu sana!" Kunguru wakaruka kutoka kwenye mkaratusi.

Mkewe ndiye mwenye kazi ya kupanga magunzi na kupokea watu. Yeye alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge, akanishika viwiko vyote viwili. "Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha. Nikaitikia nilivyoweza. Nikadhani tumemaliza, kumbe ndiyo tunaanza. Akaniuliza habari za nyumbani, za mama yangu, za wanafunzi, za usingizi wangu, za mvua za Lindi na mihogo ya Lindi. Muda wote huo ameshika viwiko vyangu na bunduki imelala mezani inanisubiri.

"Mama," mumewe akasema, "huyu amekuja kulenga. Hakuja kuposa."

"Anayelenga hana mama?"

Basi ndivyo ilivyokuwa huduma ya pale. Mmoja anakupokea kama kuruta aliyetoroka kambini, mwingine anakupokea kama mkwe. Mteja alitakiwa apite katikati yao. Waliozaliwa huku walipita bila shida, kwa sababu salamu ndefu wameizoea tangu utotoni na kelele za Afande waliziona kama michezo ya kuigiza. Lakini watumishi waliotoka mikoa mingine, wale wenye Jumamosi na mshahara, wengi walikuja mara moja wakaishia hapo. Daktari mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi nimefokewa vya kutosha chuoni. Siwezi kufuata kufokewa mapumzikoni."

Mimi nilirudi. Nilipenda kuulizwa habari za mama yangu.

Siku moja mama yule alikuwa anapukuchua mahindi nami namsaidia, akaniambia mambo yalivyokaa. Kiwanja kilikuwa hakiwalishi. Ndugu mmoja alikuwa amemtafutia mumewe kazi ya ulinzi kwenye ghala Dar es Salaam, na kama mambo hayakubadilika, mavuno yakiisha angeondoka.

"Atakuwa anapiga simu," nikasema, nikitaka kumtia moyo.

"Mwalimu, mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na simu."

Palikuwa na tumaini moja. Watu wanaofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, upande wa Kibondo, walikuwa wanatafuta mahali pa kupumzisha akili. Kiongozi wao alikuwa amepiga simu: wangekuja mara moja kutazama, na wakipapenda wangekuwa wanakuja kundi zima kila mwisho wa mwezi. Hilo lingetosha kumbakiza mzee nyumbani.

"Wewe si unafundisha biashara?" akaniuliza. "Mfundishe huyu baba kuongea na watu."

Nikakubali kwa furaha, maana mtu akiniomba nimweleze kitu huwa sijui kukataa. Nikawaweka wote wawili chini ya kibanda cha bati, nikaanza mwanzo kabisa. Tabasamu kwanza. Muulize mteja anataka nini kabla hujamwambia asimame wapi. Mteja ni mfalme.

"Mfalme wa wapi?" Afande akauliza.

"Wa hapahapa."

"Sasa mfalme akigeuka na mtutu ukamwelekea mke wangu?"

"Unamwambia kwa upole ageuke."

"Kwa upole nimeshachelewa."

Nilifikiri nikaona ana hoja. Tukakubaliana hivi: bunduki ikiwa mkononi mwa mteja, afoke ruksa. Bunduki ikiwa mezani, asifoke. Kwa hilo alitulia, kwa sababu sasa ilikuwa amri, na amri anaielewa. Akaanza kufanya mazoezi. Alikuja kwa mwendo wa gwaride, akasimama kwa kishindo, akatoa meno yote kama mtu aliye mbele ya daktari wa meno, akapaza sauti: "Karibu-mteja-habari-za-safari!"

"Vizuri," nikamwambia, "vizuri sana. Sasa na kupumua."

Mama naye nilimwomba apunguze salamu.

"Nipunguze wapi? Mama yake au watoto wake?"

Tukatafuta pamoja, tukaona mvua inaweza kuondoka. Akakubali kuiacha mvua, ila usoni alionekana kama mtu aliyeambiwa apike maharage bila chumvi.

Somo la mwisho nilisema mteja hakosei. Mama akasimamisha vidole juu ya hindi lake.

"Kamwe?"

"Kamwe, mama."

Akaendelea kupukuchua.

Siku yenyewe yalikuja magari mawili. Kiongozi alikuwa kijana wa Dar es Salaam, kofia nzuri, maneno mengi, moyo mweupe. Afande akatoka kwa gwaride, kishindo, meno. "Karibu-mteja-habari-za-safari!"

"Eh, Mkuu!" kijana akacheka. "Nipige saluti au nikupe mkono?"

Mama akawapokea mmoja mmoja, viwiko vyote, mama zao wote, watoto wao wote, na mvua haikutajwa hata kwa mmoja. Mimi nilisimama pembeni nimejaa fahari kama mwalimu siku ya matokeo.

Kulenga kukaenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Afande alifoka kwa utaratibu, bunduki ikiwa mkononi tu, na wale watu wakampenda. Dada mmoja alikuwa akikosa makusudi ili afokewe tena. "Kuruta! Hilo gunzi limekukosea nini mpaka unaliogopa?" Shimo zima linacheka. Mama akanipitia na kapu la magunzi mapya akaninong'oneza, "Mwalimu, anabaki huyu. Naona anabaki."

Ndipo kijana akaenda garini akarudi na bunda la karatasi kubwa zilizoviringishwa.

"Mama, magunzi yametosha," akasema. "Tutundikie hizi sasa. Huu ndio mchezo wenyewe."

Mama akafungua moja. Ilikuwa picha nyeusi ya mtu, kichwa na mabega, na duara juu ya duara kifuani. Akaitazama. Akaiviringisha tena polepole kama anavyoviringisha mkeka wa wageni, akaliweka bunda lote kwapani.

"Hapana, mwanangu."

"Hapana nini?"

"Hapa hatulengi mtu."

"Mama, hii ni karatasi!"

"Naiona."

"Sasa?"

"Mimi niliingia nchi hii kwa Manyovu, mpakani na Burundi, mgongoni mwa mama yangu. Waliolengwa siku zile hawakuwa karatasi." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayemwelekeza mtu kisima kilipo. "Magunzi yapo. Makopo yapo. Ukitaka nitakutundikia hata sufuria yangu, ile kubwa. Mtu, hapana."

Kijana aliona aibu mbele ya wenzake, na aibu ya kijana hutafuta mahali pa kutokea. Akamgeukia mume. "Mkuu, kiwanja ni chako. Sema neno."

Sote tukamtazama Afande. Akisema ndiyo, anabaki nyumbani. Akisema hapana, ghala la Dar es Salaam linamsubiri. Naye akanitazama mimi.

"Mwalimu, ulisema mteja hakosei."

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kukosa la kueleza. Siku ile niligeuka nikaanza kupanga magunzi mezani.

Afande akalivuta shati lake likanyooka. "Mambo ya shabaha ni idara ya mama," akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kuwa anayo. "Aliyesema amesema."

"Basi tunaondoka."

Wakaanza kukusanya chupa zao za maji, polepole, kama wanafunzi walioambiwa mapumziko yamekwisha.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo kilichofuata hakieleweki. Huku mgeni haachwi aondoke peke yake. Husindikizwa, na si mpaka mlangoni. Anafikishwa njia panda, hata kama mmegombana. Mkiwa mmegombana ndiyo zaidi, watu wasije wakasema alifukuzwa.

Kijana akapanda gari, akawasha. Mama akajifunga kitenge cha pili, akatia kitu ndani yake, akaja akashika ukingo wa dirisha.

"Mama, tunakwenda."

"Nendeni, mwanangu. Nawasindikiza."

Njia ya kupanda kutoka shimoni ni nyembamba. Gari likaenda mwendo wa mama, na mama hana haraka. Bunda la wale watu wa karatasi lilikuwa bado kwapani mwake. Gari la pili likafuata nyuma ya la kwanza. Nyuma yake Afande kwa hatua za gwaride, kwa kuwa hatua nyingine hazijui, na nyuma ya Afande mimi.

"Mama yako anakaa wapi?" nikamsikia mama anauliza dirishani.

"Mbagala."

"Amelima nini mwaka huu?"

"Mbagala hawalimi, mama."

"Maskini!" Akatembea kidogo akimhurumia. "Na mvua je?"

Nikafumba macho. Mvua imerudi.

Kutoka kiti cha nyuma mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Tulipofika juu, jirani mmoja aliyekuwa na kikapu cha maharage kichwani akasimama. "Mnampeleka nani jamani?"

"Mgeni anarudi kwao," mama akajibu.

"Anarudi bila kusindikizwa vizuri!" Na yeye akaingia kwenye msafara, upande wa dirisha la pili, akaanza habari za nyumbani upya. Mtu wa baiskeli akashuka akaikokota kwa heshima. Nadhani alidhani ni harusi.

Tulipofika njia panda, penye lami, mama akamwashiria kijana asimame. Akatoa lile bunda kwapani, akampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umegusa kiwiko, kama anavyompa mtu chakula.

"Mzigo wako huu. Usije ukasema tumekunyima halafu tumekuibia." Kisha akafungua kitenge. "Na haya maharage ni ya mama yako. Mwambie huku tunalima."

Kijana akaangalia maharage. Kitu kama hicho hakipokelewi umekaa, na hata Mbagala wanalijua hilo. Akazima gari, akashuka, akavua kofia, akapokea kwa mikono miwili. Akabaki amesimama pale barabarani hajui mikono aiweke wapi, lori kutoka Kibondo likimpigia honi.

"Mama, sasa umefika mbali," akasema mwishowe. "Utarudije?"

"Si nitatembea."

"Hapana. Ngoja na mimi nikusindikize kidogo."

Akafunga mlango wa gari. Maharage mkononi, karatasi amezitupa kiti cha nyuma, akaanza kurudi naye kwa miguu. Dereva wa gari la pili akachungulia akaniuliza, "Mwalimu, sasa sisi tunaondoka au tunarudi?"

"Geuza," nikamwambia. Hilo angalau niliweza kulieleza.

Walilenga magunzi mpaka jua likafika ukingoni mwa shimo. Kijana aliomba atundikiwe ile sufuria kubwa, mama akaileta kweli, Afande akafoka kwamba yeyote atakayeigusa atakula mahindi mabichi. Hakuna aliyeipata. Mwisho wa mwezi uliofuata walirudi, na uliofuata tena. Watu wa karatasi hatukuwaona tena.

Mavuno yalipokwisha nilikuwepo kiwanjani simu ya Dar es Salaam ilipoita. Afande akasimama wima kuipokea.

"Karibu-mteja-habari-za—" Akasikiliza. "Hapana, ndugu yangu, siji. Nimepata lindo hapahapa. Ndiyo. Linanilinda na mimi."

"Baba," mkewe akamwita kutoka kwenye magunzi, "punguza sauti. Huko Dar wangekusikia hata bila simu."