Sweta la Fundi Kimya

Wanafunzi walimpachika jina la Kimya, na lilimkaa. Miaka kumi na tisa alilinda chumba kimoja cha maabara chenye mashine moja, na ndani ya mashine mlikuwa na maji. Tena si maji ya kuoshea mikono! Yalibanwa kwenye upenyo ambao ungelazimika kupasua unywele mara elfu hamsini ndipo uukaribie wembamba wake. Maji yakibanwa hivyo hayauitikii umeme kama yale ya ndooni, na Daktari, bosi wake, alitaka kujua tofauti ni kiasi gani.

Lakini wiki tatu mfululizo mstari wa vipimo kwenye skrini ulirukaruka kama umekanyaga kaa la moto. Daktari alisema usipotulia kufikia Ijumaa, mashine itapewa idara nyingine na fundi atahamishiwa stoo ya karatasi. Kimya aliumia moyo. Stoo ya karatasi, yeye!

Akatangaza vita. Alipiga marufuku simu, viatu vya visigino, hata kupiga chafya. Mama wa chai alifukuzwa ukumbini na kigari chake, akawa anazungukia nje. Daktari mwenyewe alivuliwa bangili mlangoni. Marufuku zikafika kumi na mbili, zikabandikwa mlangoni, na mstari ukaendelea kuruka.

Alhamisi jioni alirudi nyumbani kanyong'onyea. Mkewe akamsaidia kuvua sweta la nailoni alilomnunulia siku kiyoyozi kipya kilipofungwa maabara. Sweta likalia chacharacha, nywele zikamsimama.

"Mume wangu, mbona unatoa cheche?" mke akacheka.

Kimya hakucheka. Alihesabu kwa vidole: kiyoyozi, sweta, mstari. Vyote vilianza wiki ile ile.

Angeweza kuliacha sweta nyumbani bila kumwambia mtu. Usiku kucha alilipigia hesabu hilo, na kila mara alimwona mama wa chai akisukuma kigari chake mvuani.

Ijumaa aliingia na shati jepesi. Mstari ukanyooka.

"Fundi! Umefanya nini?" Daktari akapiga kelele.

"Ni mimi, Daktari. Sweta langu. Umeme wake ndio uliokuwa unaivuruga mashine."

Daktari alicheka hadi akakaa chini. Kisha akachukua kalamu, akaandika marufuku ya kumi na tatu: Fundi Kimya haruhusiwi kuingia na sweta.

Kimya aliibandika mwenyewe, meno yakigongana kwa baridi, kisha akaenda kumwita mama wa chai.