Fimbo ya Kumi na Mbili

Walimwita Mama Funguo, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu na midomoni mwa dada zake. Kiunoni alining'iniza pete ya chuma yenye funguo ishirini na tatu: za ukumbi wa mtaa, za stoo ya viti, za vyoo, za geti la nyuma, na mbili ambazo hakuna aliyejua tena zilifungua nini, ila hakuwa na moyo wa kuzitupa. Kwa miaka kumi na tisa mtaa mzima ulikuwa ukimsikia kabla ya kumwona.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na kiwanja. Alikifagia kila Jumatatu, ingawa mwaka wa tatu huu hapakuwa na wa kukichafua. Timu ya mpira ilihamia ng'ambo ya barabara kuu, na watoto wadogo walikatazwa na mama zao kuvuka barabara hiyo, basi wakakaa vibarazani na simu za wakubwa. Mama Funguo aliendelea kufagia, kama mtu anavyomwekea chakula mgeni aliyechelewa.

Siku moja akaja afisa wa vijana, msichana mwenye miwani mikubwa kuliko uso wake, amekumbatia boksi refu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mafagio?"

"Lakrosi," alisema yule afisa, akatoa fimbo nyepesi yenye wavu mwishoni, umefumwa kama kifuko. "Unadaka mpira humu, unakimbia nao, unamrushia mwenzako. Mkifika golini mnafunga."

Mama Funguo aliigeuza mkononi. "Hili ni chujio la chai la jitu."

"Wote wanasema hivyo," alicheka afisa, kisha akaketi na sauti ikashuka. Idara ya ujenzi ilikuwa inakitaka kiwanja hicho ili iweke mabomba na kokoto. Mkuu wake alikuwa amempa wiki tatu. Akipata watoto arobaini wa mtaa huo wanaotaka kweli mchezo huu, kiwanja kingebaki cha vijana. Wakipungua arobaini, Jumatatu inayofuata malori yangeingia. "Mimi nimepangiwa semina, narudi Ijumaa ya mwisho. Na hata ningekuwepo, huku sijulikani. Wewe unajulikana, mama."

Mama Funguo akasaini kupokea fimbo kumi na mbili na rundo la fomu. Kila fomu ilikuwa na swali moja: Je, ungependa mtoto wako acheze lakrosi? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana.

Na huko kujulikana ndiko kulikoharibu mambo.

Alianzia kwa kinyozi, aliyekuwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa.

"Weka ndiyo, Mama Funguo. Weka ndiyo mbili kabisa."

"Huniulizi hata ni mchezo gani?"

"Ukiuleta wewe utakuwa mzuri tu. Hivi, tarehe ishirini ukumbi una mtu? Mdogo wangu anaoa."

"Na mimi niandikie ndiyo," alidakia mteja chini ya shuka.

"Wewe una mtoto?"

"Bado, mama, lakini nia ninayo."

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Alikaribishwa, akapewa kiti, akapewa ndiyo yake, akasindikizwa mpaka mlangoni. Baada ya siku tano alikuwa na ndiyo mia moja arobaini na tatu. Usiku huo alimsomea mumewe hesabu hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kheri.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache, kwa kuwa muda mwingi alikuwa ameshika misumari kwa midomo. Akaitoa misumari.

"Na hapana ngapi?"

"Hakuna."

"Hata moja? Mtaa huu haujawahi kukubaliana hata kwamba mvua inanyesha."

Jumamosi Mama Funguo aliwaita wote waliosema ndiyo wawalete watoto wajaribu. Alichora mistari kwa chokaa, akafunga magoli mawili ya mbao, akajaza ndoo ya maji ya kunywa. Walikuja watoto saba. Wawili kati yao walikuwa wajukuu zake. Mchana alikaa stoo katikati ya viti vilivyopangwa, hana hata nguvu ya kujikasirikia.

"Walikuwa wanazikubalia funguo, mke wangu," alisema mumewe jioni. "Nani atamwambia hapana mtu atakayemfungulia ukumbi siku ya harusi, na siku ya msiba?"

"Naweza kuzipeleka fomu hivyo hivyo. Karatasi zinasema mia moja arobaini na tatu."

"Unaweza."

Akaendelea kugonga kisigino cha kiatu cha mtu, tok, tok, tok.  Mama Funguo alimwaza yule msichana wa miwani amesimama kiwanjani na filimbi shingoni siku ya kufungua, mkuu wake pembeni, na watoto saba mbele yao. Asubuhi alizifungia fomu kabatini.

Akabadili njia. Alichukua fimbo na mipira, akazigawa: fimbo moja, nyumba moja, siku mbili, bila kuuliza swali lolote. Fimbo ikirudi inahamia nyumba nyingine. Katika daftari la mistari aliandika fimbo ipi imeenda wapi, na imerudije. Hapo ndipo alipoanza kuwasoma watu. Kuna fimbo zilizorudi kabla ya muda, zimefutwa vumbi, pamoja na "tunashukuru sana, watoto wameipenda mno," na wavu wake haujaguswa. Na kuna zilizorudi zimejaa tope, nyuzi zimekatika, mtoto ameishikilia mpaka mlangoni na kuuliza, "Zamu yetu tena lini?" Hizo mumewe alizishona kwa uzi wa viatu uliopakwa nta, na mtoto akaandikwa, na mama au baba akaulizwa ni nani atakayemleta.

Mpaka Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, daftari lilikuwa na watoto ishirini na watatu.

Tena fimbo moja ilikosekana. Ya kumi na mbili. Ilikwenda kwa kinyozi Jumapili na haikurudi, na Mama Funguo ndiye aliyeitilia saini. Hapo uzalendo ukamshinda. Akatoka mbiombio, daftari kwapani.

"Fimbo iko wapi?" Hakusalimia hata.

Kinyozi alishtuka, mashine ikanguruma hewani. "Mama Funguo! Hata sikukusikia. Nisamehe, mwanangu ameipeleka kwa mapacha wa fundi cherehani. Nilimkataza. Kila siku ananiamsha alfajiri nimrushie mpira, na mimi mgongo huu!"

Fundi cherehani hakumpa kiti. "Fimbo? Walikuwa nayo juzi, wamenivunjia taa ya kibarazani. Nikawanyang'anya. Wakalia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Nikawarudishia."

"Na kiwanjani ungewapeleka wewe?"

"Hata kwa kuwabeba! Ilimradi watoke hapa kwangu."

Mama Funguo akachomoa kalamu kwenye kilemba. Akawaandika wale mapacha, kisha akarudi kumwandika mtoto wa kinyozi, na kando ya jina akaweka: baba, mgongo unauma, ila ataleta.

Mapacha walikuwa wamewapa fimbo mabinti watatu wa dereva wa lori. Hao walikuwa wamemfanya baba yao golikipa siku yake ya mapumziko, na beseni la kufulia ndilo ngao. "Mama, usiniambie unaichukua," alisema dereva. "Nimezuia mabao tisa." Mabinti walikuwa wameibadilisha na watoto wanne wa muuza vitunguu kwa mpira wa kitenge, lakini kwa kuazimana tu, si kwa kuuza, walisisitiza sana jambo hilo. Muuza vitunguu akasema ndiyo, ilipita kwake, na tangu ipite vifuko vya wavu vya kufungia vitunguu vimeanza kupotea, naye angependa kujua kwa nini. Mama Funguo akawaandika hao wanne chini ya wale mabinti watatu.

Alipotoka hapo ndipo Mama Funguo alipopapasa kiuno chake akakuta hakuna kitu. Kwa haraka yake alikuwa ameziacha funguo zikining'inia kwenye mlango wa stoo. Nyumba nne alizoingia, hakuna aliyemsikia akija. Walimgutukia tu mlangoni, mwanamke mwenye hasira anayedai mali yake, wakamjibu kama watu wanavyojibizana wenyewe kwa wenyewe. Akacheka peke yake njiani, mpaka mpita njia akamsalimia kwa wasiwasi.

Fimbo aliisikia kabla ya kuiona. Nyuma ya ghala lililofungwa, mpira ulikuwa unagonga ukuta: du, kimya, du. Alichungulia. Watoto kumi na wawili wamepanga foleni, na aliyekuwa mbele ameishika ile fimbo kwa mikono miwili, ulimi nje. Wawili waliokuwa wamechoka kungoja walikuwa na fimbo zao wenyewe: mpini wa fagio, waya uliokunjwa duara, na kifuko cha vitunguu.

Angeweza kuichukua. Mkono ulikwisha kunyooka. Badala yake alikaa juu ya tofali, akawaita mmoja mmoja kati ya mitupo yao, akawaondoa waliokwisha kuandikwa, akawafuata mama zao majumbani kabla jua halijatua. Wapya walikuwa tisa.

Ijumaa afisa aliketi mbele yake, amechoka kwa safari. "Fomu, mama?"

"Ziko kabatini. Zinasema mia moja arobaini na tatu. Usizichukue." Akasukuma daftari. "Chukua hili."

Afisa alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari: jina, nyumba, atakayemleta. Alifika chini akarudi juu, akahesabu tena kwa kunong'ona.

"Arobaini na wawili."

"Wengine utawajua kwa fimbo za waya."

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akafungua boksi na kuhesabu zilizomo. "Mama, humu ziko kumi na moja."

"Ya kumi na mbili bado haijarudi," alisema Mama Funguo. "Ukimpigia mkuu wako, mwambie na hilo."

Akapiga palepale, amesimama dirishani, na mambo mengi aliyoyasema hayakusikika vizuri. Lakini lile la fimbo alilisema mara mbili, na mara ya pili alikuwa anacheka.

Malori hayakuja Jumatatu. Mama Funguo alichukua fagio lake akaenda kiwanjani kama kawaida, akasimama getini, funguo zikalia mara moja na kunyamaza. Palikuwa na maganda ya machungwa, kandambili moja ya mguu wa kushoto, vipande vya uzi wa viatu, na nyayo ndogo kila mahali, zimefuta chokaa yote aliyochora. Alitazama uchafu ule muda mrefu kabla ya kuinama.