Siku Niliyopaka Bunduki Mawese

Jamani, hili jambo hata mke wangu nimemsimulia nusu tu, na leo mmenibana niseme lote, haya, chekeni mmalize, maana hata mimi nikilikumbuka navuta shuka nafunika uso.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, maboti yanashusha watu Kagunga mchana kutwa, na sisi vijana wa Ujiji tukaitwa mafunzo ya mgambo, kwa sababu ghala la chakula cha wakimbizi pale Kibirizi lilitaka walinzi wawili. Kazi ile niliitaka kufa na kupona. Nilikuwa nampenda Zawadi, binti wa Mzee Sudi muuza nyavu, na mzee alishaniambia bila kumung'unya maneno, "Posa yako nitaipokea siku nikikuona na kazi."

Basi tukapewa bunduki za vita vya zamani, nzito kama mchi, za kulengea kwa tundu: karibu na jicho kuna kitundu kidogo, unachungulia humo, unaona kijiti cha mbele, unakiweka kwenye duara jeusi la shabaha, unavuta. Kazi ya mtoto! Siku moja kabla ya mtihani wa kulenga shabaha afande akatuambia kila mtu aipake bunduki yake mafuta, na yale aliyotugawia hayakutosha hata kulowanisha ukucha. Mwenzangu mmoja wa mafunzo, Issa, akaenda kuomba mengine, akapewa. Mimi nikaona aibu kuombaomba (mama yangu anauza mawese, mji mzima unajua), nikasema moyoni mafuta ni mafuta, nikakimbia nyumbani, nikarudi na kichupa, nikaipaka bunduki nzima, na lile tundu nikalijaza vizuri kabisa.

Asubuhi upepo wa ziwani ukaja na baridi, na mawese mnayajua yakipigwa na baridi, yanaganda. Nimelala kifudifudi, wageni walioalikwa kutazama mtihani wako pembeni kwenye benchi, Mzee Sudi yumo na kanzu yake nyeupe, nachungulia, naona rangi ya machungwa tu. Nikachokonoa kwa njiti ya kiberiti, nikachungulia tena, alhamdulillahi, kitu cheusi hicho hapo! Ila kinatembea.

Mwenye akili angenyoosha mkono. Mimi nikasema pengine mtihani ndivyo ulivyo (mgambo bwana, huwezi kujua), nikaanza kukifuata. Kikaenda kushoto, nikaenda kushoto. Kikazidi, nikazidi. Nikamsikia afande anapiga kelele, "We mshenzi, unamlenga nani? Wageni, laleni chini!" nikadhani anamgombeza mwenzangu, nikasogeza jicho mpaka likagusa chuma, nikavuta.

Namshukuru Mungu, afande alishaupiga teke mtutu na risasi ikaenda zake angani, lakini bunduki ikanirudi na lile tundu likanitwanga jichoni. Nilipoinuka nina duara la mawese usoni, benchi tupu, wageni wote wamelala mchangani. Afande akaiokota bunduki, akachungulia tunduni, akachomoa kitu kwa ukucha.

"Sisimizi," akasema. "Amekuja kula mawese yako, na wewe ukawa unamlenga yeye."

Watu walicheka mpaka wengine wakashindwa kusimama. Mzee Sudi hakucheka. Alikuwa anajikung'uta vumbi, nami nikamwambia, "Shikamoo mzee" (kwa nini nilimwamkia wakati ule, sijui mpaka leo).

"Marahaba," akaitikia. "Mwanangu, nimekuja kumtazama mtu atakayemlinda binti yangu, na nimelala chini kumkimbia yeye huyo huyo."

Kazi wakapewa wengine, Issa akiwa mmojawapo, na mwaka haukuisha akamuoa Zawadi. Nilikwenda harusini, nikala pilau, nikacheka na watu, na iliniuma jamani, nisiwadanganye. Kumwomba afande kungenichukua dakika mbili tu. Siku hizi nikipewa chombo nisichokijua nauliza palepale, mbele za wakwe, mbele za watoto, wacheke weee, wakichoka wanijibu.