Siku Nne za Buruseli

Mume wangu alikuwa mganga wa ng'ombe pale Masisi. Daktari hasa alikuwa Mzungu. Mume wangu alikuwa msaidizi wake tu, maana yake ndiye aliyeshika sindano, ndiye aliyepanda vilima kwenye mvua, na mateke ya ng'ombe aliyapokea yeye. Daktari alikuja siku ya kupiga picha.

Jioni moja, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, alirudi nyumbani akasimama mlangoni bila kuvua buti. Yeye ambaye matope ndani ya nyumba yalimkera kuliko mimi! Nikajua kuna jambo.

"Banataka kututuma Bulaya," akasema. "Buruseli. Siku ine. Miye na weye."

Serikali ilikuwa inachagua watu wachache wa Kivu, mume na mke, wapande ndege wakauone mji mkuu wa Wabelgiji, kisha warudi kuwasimulia wenzao. Ilikuwa pia namna ya kuwaonyesha Wazungu wa kule kwamba kazi yao huku imezaa matunda. Matunda yenyewe ndiyo sisi. Nililielewa hilo siku ileile, na sikujali hata chembe. Nilitaka kwenda.

Nitasema kwa nini. Kabla ya kuolewa nilikaa kwa masista, wakanifundisha dantela, ule ufumaji wa nyuzi nyembamba kwa vijiti vingi juu ya mto mgumu. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na sisemi kwa majivuno, kila mtu aliona. Lakini kila nilipomaliza kitambaa, sista mkubwa alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akasema, "Nzuri. Lakini ya Buruseli ni kitu kingine." Kila mara hivyo hivyo. Nikawa na kinyongo na mji nisioujua. Nilitaka kusimama mbele ya hao wamama wa Buruseli, nitazame mikono yao kwa macho yangu, nijue kama sista alisema kweli au alinionea tu.

Basi tukaanza kupanga. Mume wangu aliazima kwa mapadri gazeti lenye picha za mji ule, na kila jioni tulimwaga maharage mezani tukaujenga. Harage jekundu lilikuwa nyumba ya mfalme. Nyeupe lilikuwa kanisa lenye minara miwili. Yale madogo ya manjano tuliyapanga pande nne kuwa uwanja mkubwa wa zamani, ambao gazeti lilisema nyumba zake zimepakwa dhahabu. Tulitembeza kidole kutoka harage moja hadi jingine: siku ya kwanza hapa, ya pili pale, mchana tutakula wapi, mvua ikinyesha tutajificha wapi. Watu walituambia kule kuna baridi. Sisi wa Masisi, wa ukungu wa asubuhi mpaka mchana, tulicheka.

Kulikuwa na picha moja alikuwa akiiruka. Nilimnyang'anya gazeti. Ilikuwa sanamu ya mtoto uchi wa mnyama, amesimama barabarani akikojoa, na Wazungu wamevaa kofia na makoti wanamtazama kwa furaha.

"Hii njo kitu banapenda sana kule," mume wangu akasema, macho chini.

"Hawa hawa? Hawa waliovuka bahari kuja kutuambia tuvae nguo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tukamwekea huyo mtoto harage lake, jeusi, tukampangia siku ya tatu.

Siku ya nne ndiyo tuligombania. Yeye alitaka kwenda kuona machinjio makubwa ya ng'ombe, mimi nilitaka mtaa wa dantela. Nilimwambia ng'ombe anao hapa, wamemjaa tele. Alibishana siku mbili, lakini mwishowe harage la machinjio liliondoka.

Sasa, kulikuwa na sharti. Kabla ya jina la mtu kukubaliwa, mkubwa wa teritware, Mzungu aliyetawala wilaya, na madamu wake walikuja kula nyumbani kwake. Walitazama kama kitanda kina mashuka, kama choo ni safi, na zaidi ya yote kama mke anakaa mezani na mumewe na kula pamoja naye kwa uma. Karani mmoja tuliyemfahamu alikuwa ameshakatwa jina kwa sababu mke wake alikutwa anakula jikoni. Mimi uma nilikuwa nimeuzoea kwa masista, sikuwa na shida nao. Wasiwasi wangu ulikuwa na mtu mmoja tu: baba mkwe.

Baba mkwe alikaa Buleusa, upande wa Walikale, akilima maharage na muhogo. Alikuwa Mkristo wa kweli, aliyeongoza sala za Jumapili padri asipofika. Lakini desturi ya mji wao, yaani ya ukoo wao, hakuiacha. Mke wa mwana haweki chakula kinywani mbele ya macho ya baba mkwe, mpaka siku mzee mwenyewe atakapomletea mbuzi jike na kumtia kamba mkononi. Mbuzi huyo ni wa kumfungua kinywa. Akishapokelewa, mke ni mtoto wa mji: atakula na mzee, atacheka mbele yake, hata kugombana naye anaweza. Na mbuzi akikataliwa, haletwi tena mara ya pili.

Wake wengine walioolewa katika mji huo walipata mbuzi wao mapema. Mimi miaka ilipita. Mzee alipotutembelea nilipika, nikaandaa, kisha nikaenda kula nyuma ya nyumba, nimesimama kama mwizi. Watu walisema ni kwa sababu sijazaa. Hawakusema usoni pangu, lakini maneno hayana mlango. Yeye mwenyewe alinisalimu akitazama ukuta. Iliniuma, na niliificha vibaya.

"Papa asijue hiyo siku," mume wangu akasema wageni walipotutangazia siku yao.

Nilikubali upesi kuliko inavyofaa.

Siku ilifika. Nilikuwa nimepika kuku na viazi na njegere, nimetoa jibini ya mapadri, nimetandika meza kitambaa changu mwenyewe. Madamu alibonyeza godoro letu kwa kidole, akachungulia chooni, akarudi uso umelegea kidogo. Tukakaa. Mume wangu akasali kwa Kifaransa. Nikashika uma, na mkono ulikuwa umetulia kabisa.

"Hodi hapa!"

Sauti ile niliijua. Njia ya Kashebere, inayoshuka upande wa Walikale, ilikuwa na wachuuzi wake wa mafuta na ndizi, na habari ya wageni wetu ilikuwa imeshuka nao mpaka Buleusa. Baba mkwe aliingia na koti lake la Jumapili limelowa, kofia mkononi. Mume wangu akawa mweupe, kama mtu mweusi anaweza kuwa mweupe. Lakini Bwana Mkubwa alifurahi. Baba wa mwenye nyumba! Na yeye akae mezani! Akamvutia kiti mwenyewe, na kiti hicho kilikuwa kinatazamana na mimi.

Nikashusha uma.

Tukaendelea. Maana yake, wao waliendelea. Madamu alitazama sahani yangu, akatazama uso wangu.

"Mama, kwa nini wewe hapana kula?"

Nikasema nimeshiba. Nimeshiba nini, na sahani imejaa? Mume wangu akanigusa mguu chini ya meza, kisha akanipiga kabisa.

"Kula," akanong'ona. "Kula tu, nakuomba."

Nilijaribu. Niweke wazi kwamba nilijaribu. Nilichoma njegere moja, nikaiinua, na mkono ukagoma njiani. Hakuna aliyenikataza. Ni kama ungeniambia nivue nguo pale mbele ya mzee. Mwili wenyewe ulikataa, na Buruseli yote imekaa kwenye ncha ya ule uma.

Madamu akamwinamia mumewe akasema kwa Kifaransa, akidhani sisikii, "Unaona? Wamevaa viatu tu." Nilisikia kila neno. Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

"Ni weye unakataza muke yako kula?" Bwana Mkubwa akamwuliza mume wangu.

"Hapana, Bwana. Hapana hata."

Ndipo baba mkwe alipoinuka, akavaa kofia, akatoka. Mlango ukajifunga. Nilivuta pumzi. Mume wangu naye akavuta, nilimsikia. Nikashika uma tena, nikauinua, na mlango ukafunguliwa.

Mzee alirudi na mbuzi.

Mbuzi jike, madoadoa, amelowa, kwato zinateleza kwenye sementi niliyoisugua tangu alfajiri. Akapiga chafya, akaacha vidonge vyake karibu na kiatu cha madamu. Madamu akapandisha miguu juu ya kiti. Baba mkwe hakumwona. Alisimama mbele yangu, akanyoosha kamba.

"Mutoto wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza alinitazama machoni. "Fungua kinywa. Kula mbele yangu."

"Toa hii munyama inje!" Bwana Mkubwa akafoka. "Inje!"

Mume wangu aliruka akanyakua kamba mkononi mwa baba yake. "Papa, tutafanya kisha. Kesho, Papa. Kesho."

Lakini alijua kama mimi, tena kuliko mimi. Mbuzi yule akivuka kizingiti bila mimi kumpokea, ndiyo amekataliwa, na kesho haipo. Mume wangu alinitazama, kamba imemzunguka kiganja, na uso wake ulikuwa unaomba. Nilielewa kila alichokuwa anaomba. Watu wanaposimulia kisa hiki wananifanya mtakatifu, kwamba sikusita. Nilisita. Niliwafikiria wale wamama wa dantela, na niliwataka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kisha nikaona mkono wa mzee. Ulikuwa bado umenyooshwa, hauna kitu, kwa sababu hakujua aupeleke wapi.

Nikainuka. Nikashika kamba. Mume wangu hakuiachia. Nikaivuta kwa nguvu mpaka ikamchuna. Nikamfunga mbuzi kwenye mguu wa meza, nikakaa, nikachukua paja la kuku kwa mikono, maana uma sikuuona tena uko wapi, nikala. Nilikula nikimtazama baba mkwe. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anajifuta kwa kofia.

Wageni hawakungoja kahawa.

Mume wangu aliitwa ofisini, akarudi akasema neno moja tu: "Bengine." Waliochaguliwa ni wengine. Kisha akanigeukia. "Dakika kidogo tu! Ungengoja dakika kidogo, batoke!" Nikamwambia yeye ndiye aliyetaka kumtoa mbuzi nje, asinitafutie maneno. Akaacha kula nasi. Alibeba sahani yake akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango, mganga mzima wa ng'ombe, amenuna. Na mimi nililia. Nililia jikoni kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimefanya lililo sawa na lilikuwa limenigharimu kitu changu, na hakuna aliyenipa pole.

Baba mkwe hakurudi Buleusa haraka. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na nadhani alikuwa anafurahia kukaa mezani na mimi. Siku moja mchana tunakula maharage, sisi wawili, mume wangu pale ngazini, nikaona sasa nina haki ya kuuliza.

"Papa, kwa nini ulikawia vile? Ni juu ya kuwa sijazaa?"

Akaacha kutafuna.

"Nani alisema vile? Hapana. Nilikuwa nakuogopa."

"Mimi?"

"Weye mutoto wa basista. Uko na meza, uko na viti, unasema Kifransa. Nilisema: nikimuletea mbuzi atacheka. Atakataa mbele ya bantu, nitaenda na haya yangu wapi? Kila mara nilikuja nayo, mama. Naifunga hapa chini, kwa ule anauzaka ndizi. Napanda, nakuangalia, naogopa. Kisha narudi nayo."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na siku ya Bazungu?"

"Ile siku mvua, niliifunga hapa kwa mulango. Nikaingia, nikakuona. Banakusukuma ukule, bwana yako anakusukuma, na mukono wako unakataa juu yangu. Ni pale njo nikajua utaipokea."

Ngazini kijiko kilikuwa kimenyamaza. Mume wangu alikuwa anasikiliza.

Ningepaswa kuguswa, na niliguswa, lakini kilichotoka kwanza ni hasira. Miaka yote ile! Nimekula nyuma ya nyumba nimesimama, mvua inanyesha kwenye sahani, na mbuzi wangu amefungwa pale chini kwa muuza ndizi! Nikamgombeza. Nilimgombeza mzee wa sala, baba wa mume wangu, nikimnyooshea kijiko, mdomo umejaa maharage, na yeye akainamisha kichwa kama mtoto na kusema, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Mume wangu aliingia na sahani yake, eti kutazama kelele ni za nini, akavuta kiti akakaa, na mimi sikunyamaza.